Kati ya Ubatizo na Chekechea: Nani Anamwangalia Mtoto?

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika, Karatu



Tunawashukuru kwa kuacha mashamba na mifugo mkaja kutusikiliza. Mada yetu ni mafunzo ya walimu juu ya kupima maendeleo ya watoto wachanga na kuzisaidia familia zao. Baadhi yenu mmetuuliza: mwalimu na mtoto wa miezi sita, wapi na wapi? Swali ni zuri, nasi tutalijibu.

Usharika humwona mtoto mapema. Analetwa kubatizwa, jina lake linaandikwa kitabuni. Kisha tunakutana naye tena chekechea, akiwa na miaka minne au mitano. Katikati hapo kliniki humpima uzito na kumchanja, na hilo ni jambo kubwa. Lakini nani anauliza kama anageukia sauti ya mama yake? Nani anaangalia kama anashika vitu kwa mikono yote miwili? Na hiyo ndiyo miaka ambayo ubongo hukua kwa kasi kuliko wakati wowote mwingine.

Katika chekechea mojawapo tulimkuta mtoto aliyeketishwa nyuma kwa sababu ya "ukaidi". Akiitwa, haitiki. Mwalimu aliyekuwa mafunzoni alisimama nyuma yake akapiga makofi. Mtoto hakugeuka. Hakuwa mkaidi, alikuwa hasikii. Mama yake alituambia aliliona jambo hilo tangu mtoto ananyonya, ila hakuna aliyemwuliza. Maneno hayo yalituchoma.

Kwa hiyo, jambo la kwanza tunalowafundisha walimu ni kumwuliza mzazi na kumsikiliza.

La pili ni kumwangalia mtoto anavyocheza, bila haraka ya kuhukumu. Viwango vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 vinaonyesha kwamba watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na karibu miezi 18. Tofauti ni kubwa. Mama ambaye mwanawe wa mwaka mmoja bado anatambaa asitishwe. Lakini akipita miezi 18 hajatembea, apelekwe hospitali bila kusubiri.

La tatu ni lugha, na hapa tulikosea sisi wenyewe. Tulianza na karatasi ya maswali ya Kiswahili. Huku kwetu mtoto huzaliwa katika Kiiraqw, Kidatoga, Kihadzabe au Kimaasai. Watoto wa maboma ya Ngorongoro walionekana kana kwamba wamechelewa. Bibi zao walipowauliza yale yale kwa Kimaasai, wengi walijibu vizuri. Kilichokuwa na kasoro ni karatasi yetu. Wenzetu wa Kilifi, Kenya, na wa Malawi walitangulia kuliona hilo. Vipimo vyao, vilivyochapishwa mwaka 2008 na 2010, hutumia vitu ambavyo mtoto wa kijijini anavifahamu.

La nne, mwalimu si daktari. Hampi mtoto jina la ugonjwa. Anaandika alichokiona, anamwelekeza mzazi zahanati au hospitali, kisha anarudi nyumbani kwake. Kule kurudi ndiko kwenye kazi yenyewe: kumwonyesha baba na mama jinsi ya kuongea na mtoto, kumwimbia, kucheza naye kwa vibuyu na magunzi, na kutomficha mtoto mwenye ulemavu ndani kwa aibu.

Ndugu zetu, kupima bila kusaidia ni kumwongezea mama mzigo. Anaondoka na hofu ambayo jana hakuwa nayo, wala hana pa kwenda.

Haya si mawazo yetu peke yetu. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imetaja mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Lishe tusiisahau: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, mtoto akibatizwa, mzee wa kanisa amjulishe mwalimu. Pili, kamati zimwachie mwalimu siku moja kwa wiki atembelee nyumba. Tatu, wahisani wetu, mmetujengea madarasa na tunamshukuru Mungu kwa ajili yenu. Sasa tusaidieni nauli. Ngorongoro boma na boma ni mbali, na kiangazi familia huhama na mifugo. Nauli haiwekewi jiwe la msingi wala haipigwi picha, lakini bila hiyo mwalimu hafiki kwa mama.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Tusingoje mtoto afike chekechea ndipo tugundue kwamba hasikii.