MASHINE ZA UMEME ZA KUVUTIA MSHIPI: NAMNA YA KUZICHAGUA NA KUZITUMIA

Mazungumzo yaliyokusudiwa wavuvi wa Katubuka, Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika. Yanatolewa katika ukurasa huu kwa faida ya wavuvi wa Unguja na Pemba pia.



Mshipi ni zana kongwe, ziwani na baharini. Mvuvi hushusha ndoana yenye chambo na chubwi, akasubiri, kisha akauvuta kwa mikono yake. Katika maji ya mita 20 kazi hiyo haina tabu kubwa. Lakini katika maji ya mita 100 na zaidi, aliyevuta mara kumi huwa mabega yamechoka na vidole vimechanika. Ndiyo sababu ikabuniwa mashine ya umeme ya kuvutia mshipi, ambayo wavuvi wa Shelisheli wamekuwa wakiitumia kuvulia samaki wa chini.

Mashine hiyo ni gurudumu la kuzungushia mshipi, linaloendeshwa na mota ndogo inayotumia betri. Ina breki ya kulegeza mshipi samaki anapovuta kwa nguvu, na nyingi zina kifaa cha kuonyesha ni mita ngapi zimeshuka. Ni chombo chenye manufaa, lakini thamani yake si ndogo, na fedha ya kukinunulia mara nyingi ni ya mkopo. Hivyo basi inafaa mambo yafuatayo yaeleweke kabla ya kununua.

KWANZA, KUYAJUA MAJI. Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, na katika Afrika hakuna ziwa lililo refu kwenda chini kuliko hilo. Mtu akisikia hesabu hiyo hudhani kuwa mshipi mrefu zaidi utaleta samaki wakubwa zaidi. Sivyo. Maji ya juu ya ziwa hili hayachanganyiki na yale ya chini, na hewa ambayo samaki huvuta haifiki chini. Upande wa kaskazini, ulipo mji wa Kigoma, hewa hiyo hukoma kwenye mita 100 na kitu. Upande wa kusini huweza kufika mita 200 na zaidi. Chini ya hapo hakuna sangala, hakuna kuhe wala mgebuka. Anayenunua mashine yenye mshipi wa mita 600 kwa ajili ya Kigoma, mita 400 na zaidi amezinunua bure.

Aidha, tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 zilionyesha kuwa ziwa limepata joto katika karne iliyopita, na kwamba joto hilo linazuia zaidi maji kuchanganyika. Kwa hiyo hakuna sababu ya kutarajia samaki kushuka chini zaidi siku zijazo.

Kwa Visiwani hali ni nyingine. Mkondo baina ya Pemba na bara una kina cha mamia ya mita, na samaki wamo hata huko chini. Mashine inayomtosha mvuvi wa Kibirizi haitamtosha mvuvi wa Pemba anayekwenda kilindini. Kadhalika, maji ya chumvi hula chuma upesi. Mvuvi wa bahari achague mashine isiyoshika kutu, na aioshe kwa maji baridi kila arudipo.

PILI, UVUVI UNAOHUSIKA. Sehemu kubwa ya mavuno ya Kigoma ni dagaa na migebuka, wanaovuliwa usiku wa giza kwa taa na nyavu. Kwa kazi hiyo mashine ya mshipi haina msaada wowote. Inamfaa yule tu ambaye riziki yake hasa ni ndoana. Mwenye kipe ambaye hutupa mshipi mara moja moja ni bora fedha yake aiweke katika wavu.

TATU, BETRI. Mota nyingi ndogo huendeshwa na betri ya volti 12. Tuchukue mfano wa mashine inayotumia ampea 10 na kuvuta mita 50 kwa dakika. Kuvuta mita 100 ni dakika mbili. Mara 30 ni saa moja, yaani ampea 10 kwa saa. Betri ya maji haifai kutumiwa zaidi ya nusu ya nguvu zake, la sivyo itakufa mapema. Kwa kazi hiyo, basi, betri isipungue ampea 20 kwa saa, na ikizidi ni salama zaidi, kwani samaki mzito huifanya mota ile umeme mwingi.

Betri ya mashine isiwe ile ile ya kuwashia injini. Wavuvi waliomaliza betri kwa kuvuta samaki, kisha injini ikakataa kuwaka huku upepo wa kusi ukianza, hawatakuwa na msaada karibu. Betri ifungwe katika sanduku lenye matundu ya hewa, mbali na petroli, na waya wake uwe mnene na wenye fyuzi.

NNE, BREKI NA MSHIPI. Breki ifungwe kiasi cha thuluthi ya uwezo wa mshipi: mshipi wa kubeba kilo 40, breki iachie kwenye kilo 13 hivi. Ndoana ikinasa mwambani, mota izimwe mara moja. Mashine iliyofungwa imara ikiendelea kuvuta mwamba, itakayoinama ni ngalawa au mtumbwi. Vilevile mtu asishike mshipi kwa mkono mota inapozunguka. Mota haitambui kidole na samaki.

TANO, SAMAKI WENYEWE. Samaki anayepandishwa kwa kasi kutoka chini huvimba tumbo na macho yakatoka, na akirudishwa majini mara nyingi hufa. Kwa hiyo mwenye mashine hawezi kusema kuwa atawaachia wadogo. Atumie ndoana kubwa tangu mwanzo, na akiona wadogo wamezidi ahame mahali hapo. Kuhe, dume na jike, hulinda mayai na watoto wao pamoja. Akivuliwa mzazi, watoto huliwa.

Wananchi wanakumbuka kuwa mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane na wakue. Miezi mitatu bila mavuno ilikuwa mizito kwa kila nyumba yenye kutegemea ziwa. Mashine inayomwezesha mtu mmoja kuvuta kama watu watatu inaweza kuyatia hasarani matunda ya subira hiyo, ikiwa kila mtu ataitumia kuongeza idadi ya ndoana badala ya kupunguza uchovu.

SITA, MAPATANO NDANI YA CHOMBO. Mashine ikiingia, baharia mmoja huonekana hahitajiki, na mwenye mali hudai fungu la mashine. Ni vyema mapatano yafanywe nchi kavu, mbele ya wazee wa mwalo, kabla ya safari ya kwanza: nani analipa betri, fungu la mashine ni kiasi gani, na litakoma lini deni likiisha. Watu watatu au wanne wakinunua mashine moja kwa shirika, mzigo wa mkopo huwa mwepesi, na mwezi mbaya hauwaangushi.

Kwa hiyo anayekusudia kununua aanze na kazi isiyo na gharama: achukue kamba yenye alama kila mita kumi na chubwi zito, apime mahali anapovua siku zote, na aandike ni kwenye mita ngapi samaki wanakamata. Akiona karibu wote wanakamata kwenye mita 30, mikono yake ingali inamtosha. Akiona ni mita 80 au 100, na kwamba wako wa kutosha, hapo ndipo aende dukani, akiwa na hesabu yake mkononi.