Picha na Sauti Ndani ya Chipu Moja

Zamani kompyuta ilihitaji kadi ya picha na kadi ya sauti, kila moja ikila umeme wake. Mwaka 1997 kampuni ya Cyrix ya Marekani ilitoa MediaGX, kichakataji kilichobeba kazi ya picha na, kikisaidiwa na chipu mwenza, ya sauti pia. Simu janja ya mkulima wa Mabwerebwere, Kilosa, inaonyesha video kwa njia hiyo hiyo.

Karatu, shule za sekondari zimetumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo zenye chipu ya namna hii, kwa umeme wa jua. Zinakula wati chache tu! Ndiyo, chipu ikiungua hakuna kadi ya kubadilisha. Bodi nzima inakwenda. Hata hivyo, Wizara ya Elimu izipe shule za vijijini kompyuta hizi kwanza.