Tufundishane Kiingereza cha Kulalamika

Haya ni mazungumzo yaliyosomwa redioni juma hili.



Juma lililopita nilikuwa Irente, wilayani Lushoto. Kwa asiyepafahamu, ukishuka basi pale Mombo, kwenye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, unapanda gari la mlimani, unapita Soni, unafika Lushoto mjini, kisha unatembea kilomita zipatazo 5 kati ya mashamba ya mahindi na kabichi. Mwisho wa njia ni jabali. Ukisimama juu yake unaiona Mazinde iko chini yako, karibu mita 1,000, na mbele yake mbuga za Wamasai zimetandikwa kama jamvi mpaka macho yanachoka. Hapo ndipo wageni kutoka Ulaya na Marekani wanapokwenda kupiga picha, na ndiyo sababu watu wengi wa Irente wanakitafuta Kiingereza kwa udi na uvumba.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu, huwafundisha jioni barazani kwake. Wanafunzi wake ni watu wazima. Wapo waongoza wageni, wapishi na wafua nguo wa nyumba za wageni, dereva mmoja, na mama mmoja anayeuza matunda kando ya njia. Wanakaa kwenye mabenchi wamevaa makoti, maana baridi ya jioni ya Usambara haina mchezo.

Jioni ile mwalimu aliwaambia kila mmoja ataje sentensi za Kiingereza anazozitumia kazini. Zikatoka haraka kama mahindi ya kubanja: "Welcome." "Thank you very much." "No problem." "See you again." Mwalimu akaziandika zote ubaoni, akarudi nyuma, akauliza: "Sasa nani hapa amewahi kudhulumiwa na mtu anayesema Kiingereza?"

Baraza likanyamaza. Kisha kijana mmoja mwongoza wageni akasimama. Alisema kwamba aliwahi kuwaongoza wageni kwa miguu kutoka Lushoto kupitia Rangwe mpaka Mtae, mwendo wa siku tatu. Walikubaliana malipo ya kila siku. Walipofika Mtae, kiongozi wa wale wageni akamhesabia fedha za siku mbili, akidai kwamba siku ya tatu walitembea asubuhi tu.

"Mwalimu," akasema yule kijana, "kwa Kisambaa nilikuwa na la kusema. Kwa Kiswahili nilikuwa nalo. Kwa Kiingereza nikajisikia nasema 'No problem, thank you.' Mzungu akanipiga begani, akaingia garini akiamini nimeridhika."

Watu walicheka, ndugu msikilizaji, lakini kilikuwa kicheko cha uchungu, kwa sababu karibu kila mmoja alikuwa na kisa chake.

Tangu jioni ile nimekuwa najiuliza swali moja. Kiingereza hiki tunachowafundisha watu wazima ni cha kumnufaisha nani? Tunaanza na salamu, kukaribisha, kushukuru, kukubali. Somo la kusema "hapa nimepunjwa" tunaliweka mwisho wa kitabu, na mtu mzima mwenye shamba, watoto na kibarua aghalabu hafiki mwisho wa kitabu. Kwa hiyo tumewapa watu wetu nusu ya lugha, ile nusu inayompendeza anayelipa. Wageni nao wanakuja wamekwisha fundishwa na sinema na fulana kwamba sisi ni watu wa "hakuna matata". Mtu akisikia hakuna matata asubuhi, mchana na jioni, mwishowe ataamini kweli hayapo.

Nchi hii haikuanza hivyo katika elimu ya watu wazima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kabla ya hapo, mwaka 1968, ulianza kule Kanda ya Ziwa mradi uliosaidiwa na UNESCO, na ndipo likakua lile wazo tulilolipa jina zuri la kisomo chenye manufaa. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa maneno ya pamba, na mvuvi kwa maneno ya samaki. Waalimu waliona kwamba mtu mzima hashiki neno asiloweza kulitumia kesho yake. Basi kama kisomo kilikuwa na manufaa, na Kiingereza nacho kiwe na manufaa. Na sioni manufaa makubwa kwa mfanyakazi kuliko kuweza kusema, kwa adabu na bila kutetemeka, kwamba jambo fulani halikwenda sawa.

Rafiki yangu mwalimu alifuta ubao, akaandika maneno matano tu: "broken", kitu kimevunjika au kimeharibika, "missing", kitu hakipo mahali pake, "late", kimechelewa, "wrong", kimekosewa, "short", kimepungua. Akawaambia: "Chukueni maneno haya matano, myaunganishe na majina kumi ya vitu vya kazini mwenu. Mnapata malalamiko hamsini. Hata tukitupa yasiyoleta maana, yatakayobaki yanatosha kwa mwaka mzima." Dereva akasema gari limechelewa. Mfua nguo akasema shuka moja halipo. Mpishi akasema hesabu ya mayai imekosewa. Kwa nusu saa baraza lile lililalamika kuliko lilivyowahi kulalamika kwa mwaka.

Lakini msamiati peke yake hautoshi. Kila lugha ina njia yake ya kufikisha lawama, na mtu akitafsiri neno kwa neno hupotea. Sisi tukiwa na shauri na mtu, hatuanzi na shauri. Tunapiga hodi, tunaamkia, tunauliza hali ya nyumbani na ya shamba, halafu tunasema, "Mzee, nina neno dogo." Yule mzee anajua mara moja kwamba neno lile si dogo. Na likiwa zito sana, hatuendi wenyewe, tunamtuma mtu mzima mwingine atusemee. Mwingereza au Mmarekani hana habari na hayo. Yeye hungoja kuambiwa papo hapo, na asipoambiwa papo hapo anaondoka akijua hakuna lolote. Yule kijana wa Mtae alikuwa anangoja apate nafasi ya kusema neno dogo, na gari likaondoka.

Mambo hugeuka pia upande wa pili. Mgeni anaposema "I am afraid the water is cold," mhudumu hudhani mgeni anaogopa maji. La hasha! Analalamika. Anaomba radhi kidogo kabla ya kusema kwamba maji ni ya baridi na hakupenda. Kuna na lile neno "sorry". Sisi tunamwambia mtu aliyejikwaa "sorry" kwa maana ya pole, naye anatujibu kwamba si kosa letu. Siku kitu chake kinapopotea, mhudumu akamwambia "sorry" kumpa pole, mgeni anaweza kusikia kana kwamba mhudumu amekiri. Neno hilo moja, lisipofundishwa vizuri, linaweza kumponza mtu kazini.

Tena kuna hila ya vitenzi vyetu. Kiswahili kina "kikombe kimevunjika", na hakuna aliyetajwa. Kina "kimevunjwa", na hapo mtu yupo ingawa hatumwoni. Kwa Kiingereza "the cup is broken" hubeba maana zote mbili. Mfanyakazi ajue kwamba akianza na "I broke", amejitaja mwenyewe, hata kama kikombe kilikuwa na ufa tangu jana. Na hatuwezi kulibeba neno letu tamu la "nimepunjwa" likavuka likiwa zima. Mwalimu alimwonyesha yule kijana jinsi ya kulikata vipande vitatu: "We agreed three days. You paid two days. One day is missing." Maana yake: tulikubaliana siku tatu, umelipa mbili, moja haipo. Hapo hakuna tusi, hakuna kelele, na hakuna sarufi ngumu. Ni hesabu tu, na hesabu mgeni anaielewa.

Jambo la mwisho aliloliandika ubaoni ni kile unachokitaka. Watu wengi wanalalamika vizuri kisha wanaishia hewani. Je, unataka kutengenezewa? Sema "repair". Unataka kubadilishiwa? Sema "replace". Unataka kurudishiwa fedha zako? Sema "refund". Hapo yule mama muuza matunda akaguna. Alisema alinunua taa ya jua mjini, ikazimika mwezi wa pili. Aliporudi dukani akaulizwa karatasi ya waranti. Karatasi ile ilikuwa ya Kiingereza kitupu, naye alikwisha kuifungia vitunguu. "Ningejua hayo maneno matatu," akasema, "vitunguu ningevifunga kwa gazeti."

Najua, ndugu msikilizaji, kwamba mmoja wenu anasema huko aliko: kwa nini Mtanzania alalamike kwa Kiingereza katika nchi yake? Namuunga mkono. Karatasi ya taa inayouzwa Lushoto ingepaswa kuandikwa kwa Kiswahili, na wenye maduka na wenye viwanda wabanwe juu ya hilo. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa Kiingereza bado kina nafasi yake pale haki inapokihitaji. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, mgeni mwenye fedha za siku ya tatu mfukoni hatangoja ajifunze Kiswahili ndipo alipe. Tuidai lugha yetu ofisini na dukani, na papo hapo tumpe kijana silaha ya kesho asubuhi.

Wala nisikudanganye kwamba lugha ndiyo dawa ya kila dhuluma. Mkulima wa viazi huko huko Lushoto anakijua Kiswahili cha mnunuzi wake barabara, na bado anauziwa maneno. Gunia linajazwa, linashonewa kilemba juu, likawa lumbesa, na bei inabaki ya gunia moja. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, na lumbesa imekwisha kupigwa marufuku mara nyingi. Mkulima analalamika kwa ufasaha, lakini mazao yanaoza, na lori ni moja. Kwa hiyo lalamiko linahitaji mdomo, linahitaji pia mizani, na linahitaji sikio la serikali.

Lakini wenyeji wa milima ile wana sababu ya kutokata tamaa na midomo yao. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa hifadhi ya udongo, kuanzia bonde la Mlalo mwaka 1946. Wakulima, wanawake kwa wanaume, walilazimishwa kulima matuta mashambani mwao kwa amri. Mpango ule uliandikwa na maofisa, kwa lugha ya maofisa. Wakulima waliukataa, wakalalamika, wakakusanyika, wakalalamika tena kwa miaka, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ukaachwa. Wazee wale hawakusema "no problem".

Ndiyo maana nawaomba mambo matatu wale wote wanaofundisha watu wazima Kiingereza, iwe kanisani, msikitini, shuleni jioni au barazani. Kwanza, somo la kulalamika liwe katika juma la kwanza, pamoja na salamu. Pili, waulizeni wanafunzi visa vyao wenyewe, msiwape visa vya hoteli za London wasizoziona. Tatu, wafundisheni kwa kusimama na kusema, maana lalamiko lililoandikwa daftarini halijamlipa mtu.

Hilo la tatu nililiona kwa macho yangu. Mwalimu alijifanya mgeni, kijana wa Mtae akasimama mbele yake. Mara ya kwanza alifika "one day" sauti ikazama. Mara ya pili akatazama viatu vyake. Mara ya tatu akamalizia na "no problem", na baraza zima likapiga kelele.

"Mwanangu," mwalimu akamwambia, "hukopi wala huombi. Tazama mbele."

Mara ya nne alisema yote matatu, polepole, akimtazama mwalimu usoni, kisha akanyamaza akingoja jibu. Mwalimu akatia mkono mfukoni kana kwamba anatafuta fedha. Nje giza lilikuwa limeingia, na kesho yake asubuhi kijana yule alikuwa na wageni wawili wa kupeleka jabalini.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Anayeficha jeraha lake kwa tabasamu la "thank you" asitegemee kwamba mwenzake atalibashiri.