Baba Alikufa Mara Mbili
Mhadhara wa umma, Kolwezi



Kabla sijaingia katika ualimu nilikuwa mkalimani katika ofisi ya wafanyakazi ya kampuni moja ya mgodi hapa Lualaba. Kazi yangu ilikuwa kusikia Kiswahili na kutoa Kifaransa. Upande wa pili wa meza alikaa kijana wa Kichina aliyepokea Kifaransa changu na kukigeuza Kichina kwa mkubwa wake. Asubuhi moja akaingia dereva wa lori la mawe, mtu wa makamo niliyemwita papa kila nilipokutana naye getini. Akasema: “Baba alikufa. Ninaomba ruhusa niende ku kilio.” Mkubwa akafungua faili. Miezi mitano nyuma, dereva huyuhuyu alikuwa amepewa ruhusa kwa kufiwa na baba. Mkubwa akauliza: mtu ana baba wangapi? Mimi, nikitaka kumwokoa, nikawahi kueleza kwamba huyu wa sasa ni “oncle”.

Nilidhani nimemsaidia, kumbe nimemponza. Kwenye faili ikaandikwa kwamba amedanganya ili apate siku za mapumziko. Alikwenda kilioni bila ruhusa, maana kutokwenda hakukuwezekana, na aliporudi hakuikuta kazi yake.

Hapa ukumbini hakuna asiyejua kwamba hakudanganya. Marehemu alikuwa baba yake mdogo. Ndiye aliyemtoa kijijini akiwa mtoto, akamleta Kolwezi, akamlisha na kumsomesha. Kilioni dereva huyu hakuwa mgeni wa kuja kutoa pole na kuondoka. Alitakiwa kukaa na wana wa marehemu, kuchangia sanduku na kujibu familia ilipouliza. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2002 inatoa siku za msiba kwa kuhesabu daraja za undugu, nayo inahesabu kwa Kifaransa. Baba wa kuzaa yuko karibu, ndugu wa baba yuko mbali. Kwa hesabu hiyo, aliyemlea dereva alikuwa mtu wa mbali.

Lililonifanya nisilale ni jambo nililolijua baadaye. Siku moja, tukila chakula cha mchana, yule mkalimani wa Kichina alinisimulia habari za kwao. Alitaja watu wawili kwa majina mawili tofauti, nami nikamwuliza ni akina nani. Akanieleza: kaka mkubwa wa baba anaitwa *bobo*, mdogo wa baba anaitwa *shushu*, na kaka wa mama ana jina lake la tatu, *jiujiu*. Nikaweka kijiko chini. Baba mkubwa, baba mdogo, mjomba. Lugha yake na lugha yangu zinaigawa familia pale pale, kwa makini yale yale. Kilichokuwa kinayachanganya majina yote matatu kuwa neno moja ni Kifaransa kilichokaa katikati yetu, na mimi ndiye niliyekileta mezani. Kama ningemwambia “shushu”, huenda siku za ruhusa zingekataliwa vilevile, kwa kuwa kanuni ni kanuni. Lakini mkubwa wake, ambaye naye ana shushu wake, asingemwona yule dereva kuwa mwongo.

Ndiyo maana nimeuleta mfano huu kabla ya mingine. Tunapozungumza juu ya kufahamu utamaduni wa wenzetu kazini, mara nyingi tunafundishwa orodha: Wachina hupokea kadi kwa mikono miwili, Wakongo husalimiana kabla ya shughuli. Ni adabu njema, sizidharau. Ila madhara makubwa niliyoyaona migodini hayakutokana na salamu. Yalitokana na neno kuhamishwa kutoka kinywa hadi karatasi bila mtu kuuliza limebeba nini.

Sisi wa Katanga tuna sababu ya pekee ya kulichunga hili. Kiswahili kilifika kwetu na misafara. Karne ya 19 kilisikika Bunkeya kwa mfalme Msiri, katika biashara ya shaba na pembe. Kisha ikaja kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906. Iliajiri watu kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai hadi Ruanda-Urundi, na Kiswahili kikafanywa lugha ya kazi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefanya utafiti Katanga miaka ya 1960, aliandika kitabu mwaka 1986 juu ya historia hiyo. Alivichunguza vijitabu walivyotumia wazungu kujifunza Kiswahili, akaona jinsi vilivyojaa amri: leta, beba, nenda, fanya haraka. Mtu aliyejifunza lugha kwa kitabu cha namna hiyo anaweza kuagiza siku nzima asijue kuuliza hata swali moja.

Hata hivyo, mji huu huu ulimwona mtu aliyejaribu kuigeuza lugha hiyo. Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alizaliwa mwaka ule ule wa 1906. Alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu chake cha falsafa ya Kibantu mwaka 1945 alipokuja Kolwezi miaka ya 1950 na kufanya kazi katika kambi za wachimbaji. Yeye mwenyewe alikiri kwamba kwa miaka mingi alifundisha bila kusikiliza. Alipoanza kuwauliza watu wanatafuta nini maishani, majibu yao yakawa mafundisho matatu ya vuguvugu lake la Jamaa, ambayo wazee waliopo hapa wanayakumbuka: uzima, uzazi, mapendo. Hakuna hata moja kati ya hayo matatu ambalo lingepatikana katika vile vijitabu vya amri.

Simtukuzi Tempels kupita kiasi. Mwaka 1950 mshairi Aimé Césaire alimshambulia vikali, na kwa maoni yangu shambulio lake ni onyo kwa kila anayezungumza kama ninavyozungumza leo. Alisema, kwa ufupi, kwamba falsafa ya Wabantu ilikuwa heshima isiyomgharimu mkoloni senti moja: aisifu roho ya Mwafrika, mshahara, nyumba na chakula vibaki vilivyo. Onyo hilo halijazeeka: mwezi Novemba 2021 mashirika ya kutetea haki ya RAID na CAJJ yalitoa taarifa juu ya migodi mikubwa ya kobalti ya eneo letu. Ilieleza malipo duni ya wafanyakazi wanaoajiriwa kupitia makampuni ya kandarasi, na ubaguzi wanaofanyiwa. Kampuni inayofanya semina ya utamaduni huku dereva wake akipewa mkataba usiomlinda inarudia kosa lile lile. Mtu hawezi kusema ananisikiliza ikiwa hataki kusikia ninalipwa nini.

Na hapa neno baba linarudi, zito zaidi. Wazazi wetu waliiita Union Minière, na baadaye Gécamines iliyorithi nafasi yake, baba na mama. Mwanahistoria wetu Donatien Dibwe dia Mwembu aliandika kitabu juu yao mwaka 2001, akawaita Bana Shaba, wana wa shaba walioachwa na baba yao. Miaka miwili baadaye wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Meneja mgeni anayemsikia mzee wa kambi ya Kapata akiiita kampuni baba anaweza kudhani anasifiwa. Hasifiwi. Anadaiwa. Mzee anamwambia: baba hulisha, hutibu, huzika. Mkataba wa madini wa Sicomines wa 2008, ununuzi wa mgodi wa Tenke Fungurume na kampuni ya Kichina mwaka 2016, shaba ya kwanza ya mgodi wa Kamoa-Kakula mwaka 2021: kila mgeni aliyekuja alilikuta deni hilo mlangoni, na wachache waliambiwa kwamba lipo. Kampuni inaweza kukataa kuwa baba, ni haki yake. Ila iseme waziwazi itakuwa nani kwetu, kwa lugha ambayo mzee ataielewa.

Ninaomba mambo mawili. Chuo chetu kifundishe wakalimani wa moja kwa moja, Kiswahili na Kichina, Wakongo kwa Wachina, ili Kifaransa kisiwe daraja pekee. Na ofisi za wafanyakazi zibadilishe karatasi ya ruhusa ya msiba.

Kwa hilo la pili tumekwisha kuanza. Wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu, pamoja na yule mkalimani wa zamani ambaye bado ni rafiki yangu, wametengeneza ukurasa mmoja wa majina ya ndugu. Una safu tatu: Kiswahili cha huku, Kifaransa, Kichina. Katika safu ya Kifaransa neno “oncle” linajirudia mara tatu, huku majirani zake kushoto na kulia wakibadilika kila mstari. Chini ya ukurasa wameongeza swali moja la kuulizwa kabla ya kuandika chochote kwenye faili: “Huyu marehemu alikulea?” Nakala ziko pale mlangoni. Anayefanya kazi mgodini achukue mbili, moja aipeleke kwa mkubwa wake.