Tone la Wota Pampu

(Hotuba iliyotolewa Kasulu katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Mwenzetu mmoja wa Kibondo amejipatia Datsun 240Z ya zamani, gari la mbio, naye ameniuliza kwa nini wota pampu yake inavuja na aibadili vipi. Nimeona nimjibu mbele yenu, maana leo tutajadili mchango wa gari la shule, nalo linavuja mahali pale pale.

Gari hilo si geni Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 240Z, na mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, kwa gari la aina hiyo hiyo. Injini yake ina silinda sita na ukubwa wa lita 2.4. Lakini ndugu zangu, nguvu zote hizo hutegemea pampu ndogo ya kusukuma maji kati ya injini na rejeta. Ikisimama, bingwa na lori la mahindi huchemka sawasawa.

Chini ya shingo ya pampu mtengenezaji ameacha tundu dogo kwa makusudi. Sili ya ndani ikichakaa, maji hutokea hapo, na dereva huonywa mapema. Wako wanaoliziba tundu hilo kwa sabuni au gundi. Huko si kutengeneza. Ni kumnyamazisha shahidi. Maji yakikosa njia huingia kwenye beringi, beringi hulegea, na kwa kuwa katika gari hili feni imefungwa kwenye pampu, feni huweza kuikata rejeta.

Sisi wa nyanda za juu tuna sababu ya pili ya kuhofu. Tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka yapata nyuzi 96, si 100. Mfuniko wa rejeta hufunga mvuke ndani, mgandamizo ukapanda, na maji yakaweza kuvumilia joto zaidi bila kuchemka. Pampu inayovuja hupoteza maji pamoja na mgandamizo huo. Ndiyo maana gari lililofika salama tambarare huchemsha kwenye milima yetu.

Kazi yenyewe haitaki miujiza. Acha injini ipoe kabisa. Mfuniko wa rejeta ya moto umewaunguza wengi nyuso. Mwaga maji kwenye beseni. Legeza mkanda, toa feni, kisha fungua pampu. Bolti zake hazilingani urefu, kwa hiyo chora pampu kwenye kipande cha boksi na uchomeke kila bolti mahali pake. Bolti iliyoshika kutu usiilazimishe. Itie mafuta na usubiri, kwani ikikatikia ndani ya aluminiamu utalala gereji. Kwangua gasketi ya zamani yote bila kuchuna chuma, weka mpya, kisha kaza bolti kwa zamu, kidogo kidogo, upande huu na upande ule. Mkanda ubonyee kiasi cha sentimita moja kwa kidole gumba. Ukikazwa mno, beringi mpya itakufa upesi. Jaza kulanti badala ya maji matupu ya mtoni, ambayo huleta kutu na magamba. Washa injini mfuniko ukiwa wazi mpaka hewa itoke, ongeza yaliyopungua, funga, kisha uangalie lile tundu. Likiwa kavu, kazi imekwisha.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Mimi ni mtumishi wa serikali, si makanika, lakini mafaili ya magari yamepita mezani kwangu miaka mingi. Nalikumbuka gari moja la wagonjwa; idara yake siitaji. Kwenye daftari la safari dereva aliandika kwa wiki sita mfululizo: "Pampu inavuja." Kila mara jibu lilikuwa aongeze maji, naye akawa anasafiri na madumu mawili. Usiku mmoja, kati ya Kasulu na Kibondo, madumu yaliisha. Ndani alikuwamo mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu. Alifikishwa hospitali kwa lori la mizigo, akajifungua salama kwa rehema za Mungu. Gari lenyewe silinda hedi ilipinda, likakaa chini ya mwembe miezi saba likingoja fedha za injini. Bei ya pampu na gasketi ilikuwa sehemu ndogo mno ya bei ya injini ile.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Naongeza kwamba kumwagia maji ukutani si kuziba ufa.

Ndugu Mwenyekiti, nimesoma mapendekezo ya kamati: mchango wa kwanza upake gari la shule rangi mpya na kuandika jina la shule ubavuni. Nami naipenda rangi ya shule yetu. Lakini gari lile ndilo linalobeba wanafunzi wanaougua malaria usiku. Kwa hiyo naomba fedha za kwanza zinunue pampu, gasketi, mkanda na mfuniko wa rejeta, rangi ifuate. Pia naomba liwepo daftari la dereva, na mwalimu mmoja alisome kila Ijumaa na kutia saini.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.