Keith Floyd: Kutoka Mgahawani hadi Kwenye Televisheni

Keith Floyd (1943–2009), Mwingereza aliyekulia Wiveliscombe, Somerset, aliingia kwenye utangazaji akiwa na miaka mingi ya jasho la jikoni. Miaka hiyo ndiyo inayoeleza upishi wake mbele ya kamera kuliko kipaji chake cha maneno, ingawa kipaji hicho kilikuwa kikubwa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa uandishi wa habari katika gazeti la Bristol Evening Post. Alipotazama filamu ya Zulu alivutiwa na uanajeshi, akajiunga na kikosi cha vifaru, lakini hakudumu. Akahudumu baa, akaosha vyombo, akamenya mboga, na kufikia mwaka 1971 alikuwa anamiliki migahawa mitatu mjini Bristol. Chakula kilisifiwa, hesabu zilimshinda. Akaiuza, akanunua mashua na kuzunguka Mediterania, kisha akaendesha mgahawa kusini mwa Ufaransa, L'Isle-sur-la-Sorgue. Kule mvinyo ulikuwa sehemu ya mlo wa kila siku, si alama ya ukwasi, na mtazamo huo hakuuacha tena.

Aliporudi Bristol alifungua mgahawa mwingine, akaanza pia kuzungumzia mapishi redioni. Mwaka 1981 kilitoka kitabu chake cha kwanza, Floyd's Food. Miongoni mwa wateja wake alikuwamo David Pritchard, mtayarishaji wa vipindi wa BBC, na ushirikiano wao ukazaa kipindi cha Floyd on Fish mwaka 1985.

Wapishi wengi wa televisheni waliomtangulia walisimama studioni, viungo vimeshapimwa na kupangwa kwenye vibakuli. Floyd alibeba jiko la gesi hadi kwenye sitaha ya boti la wavuvi, akakaanga samaki huku chombo kikiyumba, glasi ya mvinyo mkononi. Alimwita mpigapicha, Clive North, kwa jina: aisogeze kamera kwenye sufuria, aonyeshe vitunguu, kisha arudi usoni kwake. Mtazamaji akajikuta amekaribishwa jikoni kama mteja anayefahamiana na mwenye mgahawa. Aliyezoea kupika huku wateja wanangoja mezani hakuwa na sababu ya kuogopa kuonekana akihangaika.

Mfano ulio wazi umo katika Floyd on France ya mwaka 1987. Katika nchi ya Wabaski alipika piperade, chakula cha mayai, pilipili hoho na nyanya, kisha akampa mwanamke wa huko aonje. Mama yule hakumwonea haya: alimkosoa palepale, kwa Kifaransa. Floyd mwenyewe akawatafsiria watazamaji lawama hizo, na kipande hicho hakikukatwa. Uamuzi huo uliheshimu ujuzi wa mpishi wa nyumbani kuliko sifa ya mtangazaji, jambo ambalo vipindi vingi vya mapishi hadi leo havithubutu kulifanya.

Mfululizo ukafuatana: Uingereza na Ireland, Marekani, Australia, Hispania, Italia, hadi Floyd on Africa mwaka 1996. Umaarufu, hata hivyo, haukumponya udhaifu wake wa biashara. Baa yake ya Tuckenhay, Devon, ilimtia hasarani, na mwaka huohuo wa 1996 akafilisika baada ya kudhamini yeye binafsi oda ya vinywaji ya pauni 36,000. Pombe nayo, iliyokuwa kitambulisho chake kwenye skrini, ilimharibia afya. Alifariki kwa mshtuko wa moyo tarehe 14 Septemba 2009, huko Dorset.

Mtindo wake haukuishia kwake. Rick Stein, mwenye mgahawa wa samaki mjini Padstow, alionekana kwanza kama mgeni katika kipindi cha Floyd. Miaka ya 1990 Pritchard huyohuyo alimtengenezea Stein vipindi vyake, navyo vilirekodiwa kwenye magati, masokoni na katika majiko ya watu.