KUTOKA MEZA YA MHARIRI HADI KITI CHA DIWANI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Kamati iliniomba niseme juu ya jambo lililotugawanya mwaka huu: je, mtu aliyezoea kalamu ya gazeti yafaa aombe kiti katika serikali ya mahali, au abaki nje, atazame na kuandika? Baadhi ya Wazee wamesema kwamba mwamuzi akiingia kucheza, mchezo hukosa mwamuzi. Neno hilo lina uzito, wala silidharau.

Hata hivyo, na tukumbuke habari za Bwana Francis Khamisi, mtu wa Pwani. Gazeti la Kiswahili liitwalo Baraza lilianzishwa mwaka wa 1939, naye akawa mhariri wake. Mwaka wa 1944 Bwana Eliud Mathu alikuwa Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka huo huo chama cha Kenya African Union kikaundwa. Bwana Khamisi akawa Katibu wake. Baadaye alikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kuketi katika Baraza la Manispaa ya Nairobi, kwa kuteuliwa, si kwa kura. Kisha alirudi Mombasa, na mwezi wa Machi 1958 wapiga kura Waafrika wa huko wakampeleka katika Baraza la Kutunga Sheria.

Mhariri hufunzwa mambo matatu yamfaayo diwani: kusikiliza malalamiko ya mtu asiye na cheo, kuhakikisha habari kabla ya kuitangaza, na kusema kwa maneno ambayo kila mtu huyafahamu. Lakini hatari ipo. Jana aliuliza, “Fedha za barabara zimekwenda wapi?” Leo yeye ndiye aulizwaye. Akiwa bado analo gazeti mkononi, nani atalichapisha jibu lisilompendeza?

Kwa hiyo naona kwamba Wazee wamesema kweli juu ya hatari, ila dawa yake si kumzuia mtu. Mabaraza ya miji na ya wilaya yalikwisha mwaka wa 2013, serikali za kaunti zilipoanza chini ya Katiba ya 2010. Kifungu cha 196 cha Katiba hiyo chaliagiza Bunge la Kaunti lifanye mikutano yake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Na Kifungu cha 35 champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Basi mwamuzi si mwandishi peke yake. Mwamuzi ni sisi.

Naleta mashauri matatu. Kwanza, mwanachama mwandishi atakaye kiti cha wadi na aweke kalamu ya uhariri chini, hadharani, kabla ya kuomba kura. Pili, kabla ya kumpa kura, tusome aliyoyaandika. Tuulize kama alipokosea alisahihisha. Mtu asiyekubali kosa dogo la gazeti hatakubali kosa kubwa la hesabu. Tatu, akishinda, Chama kichague wanachama wawili, mzee mmoja na kijana mmoja, waende kuketi katika nafasi ya wananchi, waandike yaliyosemwa na fedha zilizopitishwa, kisha waje kutusomea hapa.

Najua kazi hiyo ni ya kuchosha, tena haina malipo. Lakini wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tukimchagua mtu wetu kisha tukalala, lawama ya kesho haitakuwa yake peke yake.

Bwana Mwenyekiti, hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Uamuzi ni wa mkutano huu. Mwenyezi Mungu akibariki Chama chetu.